Miti ya Dodoma haimalizwi na ukame peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu miti ya jiji letu. Kila ikifika Agosti, upepo ukileta vumbi la Nkuhungu hadi ndani ya masufuria, utasikia maneno yale yale: Dodoma ni nchi kavu, miti haikubali. Mimi mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa saba napanga hapa, na maneno hayo nayakataa.

Kweli mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 600 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam wana vuli na masika na hupata zaidi ya 1,000. Lakini pwani nako kuna mtihani wake: mchanga usioshika maji na upepo wa chumvi unaounguza majani. Ndiyo maana ufukweni utakuta zaidi mivinje na mikungu. Hata hivyo, hapo hapo Dar, toka Oysterbay uende Manzese. Mvua ni ile ile, vivuli havifanani. Oysterbay viwanja vilipimwa vikubwa tangu enzi ya mkoloni. Manzese watu walijenga kwa kubanana, ukuta kwa ukuta, na mti ukakosa pa kusimama.

Kwetu pwani, zamani shamba liliweza kuwa la huyu na minazi ya yule. Mtu aliuza minazi au kuiweka rehani bila kuuza ardhi. Aliyelima muhogo chini yake hakuthubutu kugusa shina, maana mti ulikuwa na mwenyewe.

Mti wa nyumba ya kupanga Dodoma hauna mwenyewe. Nyumba ya kwanza niliyokaa nilipanda mwarobaini mbele ya mlango. Maji yalikuwa ya mgao, basi nikakata kitako cha chupa ya lita moja na nusu, nikatoboa kifuniko kwa sindano ya moto, nikaifukia kichwa chini kando ya mche. Kila jioni nilimimina humo maji ya kuoshea mchele. Miaka mitatu baadaye ulikuwa umenipita kimo. Mwaka wa nne mwenye nyumba akaamua kuongeza vyumba viwili. Nilirudi kazini nikakuta kisiki kibichi, bado kinatoa maji. Ningesema nini? Kiwanja si changu. Ninapokaa sasa sijapanda kitu, na inaniuma.

Wenye viwanja nao wana yao. CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa 1973, ilitoa hati za ardhi za miaka 33. Tangu ivunjwe Mei 2017 tunazungumzia 99, muda wa kutosha mtu kupanda mkwaju na wajukuu wakauchuma. Lakini nenda siku mtaa mpya unapochongwa. Migunga iliyojikuza bila kikombe cha maji ya mtu inasukumwa na greda pembeni, inageuka mkaa. Anayenunua anakabidhiwa kiwanja cheupe, na hata kama kina miti anaogopa kuiacha, kwa sababu machoni pa watu hilo ni pori lisiloendelezwa, linakaribisha wavamizi. Akimwaga tripu mbili za mawe, ameendeleza! Halafu Januari tunagawiwa miche tupande hapo hapo.

Wanaobisha watazame Kondoa. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye ardhi iliyomomonyoka. Wafugaji waliumia, hilo lisifichwe. Lakini uoto ulirudi kwenye nchi kavu ile ile, baada ya kubadilika nani anaitumia ardhi na kwa namna gani.

Ninachoiomba halmashauri ni kwamba ramani za mipango miji zionyeshe mibuyu, mikwaju na migunga iliyopo kabla bikoni hazijawekwa, na mti mkubwa uliotunzwa uhesabiwe kuwa sehemu ya kuendeleza kiwanja. Mikataba ya kupanga nayo iseme mti uliopandwa na mpangaji haukatwi mpaka mwenyekiti wa mtaa aitwe aone.

Jirani na kwetu kuna mbuyu umepigwa X nyekundu. Watu wanne tulishikana mikono kuuzunguka, hatukufikiana. Naomba anayehusika afike autazame kabla greda halijafika.

Mpangaji,
Nkuhungu, Dodoma