Safari ya Ulaya kwa gari la kukodi: anza na gari, ramani baadaye

Maombi ya Ulaya tunayopokea ofisini hapa Dar es Salaam yanafanana sana. Mtu anaandika: tuko wanne, tuna wiki mbili, tunataka tutue Paris, tupite Uswisi, Italia, Kroatia na Austria, tumalizie Amsterdam, na gari tuliache hukohuko tutakakopandia ndege. Kwenye simu njia hiyo ni mstari wa bluu tu, hauna tatizo lolote. Tukishamtumia makadirio, swali linalorudi ni lilelile: mbona gari lililotangazwa mtandaoni kwa bei ya kutupa limefika huku?

Sababu kubwa ni kuliacha nchi nyingine. Gari lenye namba za Ufaransa likiachwa Uholanzi, lazima kampuni itafute mtu wa kulirudisha au ilibebe kwa lori, na gharama hiyo unalipa wewe. Mara nyingi ada hiyo peke yake inazidi kodi ya gari kwa safari nzima. Kuliacha mji mwingine wa nchi ileile huwa nafuu kwa mbali. Ndiyo maana tunawaambia wateja: kabla hujachagua miji, kubali kwamba gari litarudi lilikotoka. Chora duara.

Duara tunalolipendekeza zaidi kwa anayekwenda mara ya kwanza linaanzia Munich. Unakwenda Salzburg, unavuka milima hadi ziwa Bled na Ljubljana, unateremka Venice, unapita Verona na ziwa Garda, kisha unapanda njia ya milimani ya Brenner kurudi Munich kupitia Innsbruck. Ni nchi nne, Ujerumani, Austria, Slovenia na Italia, na jumla yake ni kama kilomita 1,200. Kwa siku kumi huo ni mwendo wa kistaarabu: kipande kirefu zaidi cha siku moja hakifiki kilomita 450, na siku kadhaa gari linalala tu. Nchi sita kwa siku kumi tunazikataa waziwazi, maana utakachokumbuka ni vituo vya mafuta.

Duara hilo linatatua pia swali la viza, ambalo wengi huliacha mwisho. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja, inakupitisha nchi 29 za Ulaya, lakini huombi popote unapotaka. Unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na zikilingana ndipo unaomba kwa ile utakayoingilia. Hesabu malazi ya njia yetu: Munich mbili, Salzburg moja, Slovenia mbili, Venice mbili, Verona mbili, Munich tena moja ya kumalizia. Ujerumani inapata tatu, Italia nne. Basi unaomba ubalozi wa Italia ingawa ndege inatua Ujerumani, na hilo halina kosa lolote. Hamisha usiku mmoja kutoka Verona kwenda Munich na hesabu inageuka, unatakiwa ubalozi wa Ujerumani. Balozi zote mbili ziko hapa Dar, ila faili lililopelekwa mlango usio wake hurudishwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Siku 15 ni za kwenye karatasi. Msimu wa kiangazi cha kwao, nafasi za kupeleka maombi zinajaa mapema, na sisi hatuchukui kazi iliyoletwa wiki tatu kabla. Bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000 kwa matibabu, na hii haihusiani na bima ya gari.

Ukishapata viza, soma stika yenyewe kabla ya kufurahi. Pale panapoonyesha idadi ya kuingia, 01 (mara moja) na MULT (mara nyingi) ni safari mbili tofauti kabisa. Mwenye 01 akitoka eneo la Schengen hata kwa chakula cha mchana, viza yake imeisha. Mfano mzuri ni pwani ya Kroatia. Kroatia iliingia Schengen Januari 2023, lakini barabara ya zamani ya kwenda Dubrovnik inapita Neum, kipande kidogo cha Bosnia kinachoikata pwani ile katikati. Bosnia haimo Schengen. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac linalokizunguka kipande hicho, na ramani ya simu si lazima ikupitishe hapo kama njia nyingine ni fupi. Montenegro na Albania nazo ziko nje. Anayetaka kuzifikia anahitaji viza ya kuingia mara nyingi, na anahitaji pia ruhusa ya kampuni ya gari.

Ruhusa hiyo isichukuliwe kimzaha. Unapokodi unataja kila nchi utakayopita, na inaandikwa kwenye mkataba. Kampuni nyingine zinatoza ada ya kuvuka mpaka, nyingine haziruhusu magari ya bei kubwa kama BMW na Mercedes kwenda baadhi ya nchi za mashariki. Ukivuka bila kutaja na gari likagongwa, bima uliyolipia inaweza isikusaidie hata kidogo. Pasipoti nazo zikae ndani ya gari, siyo kwenye begi chini ya mabegi mengine. Watu husikia kwamba ndani ya Schengen hakuna mipaka, lakini Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na unaporudi Munich kutoka Austria unaweza kusimamishwa bila ajabu.

Ada za barabara kila nchi ina mtindo wake. Ujerumani gari dogo halilipi kitu. Austria na Slovenia unanunua vinyeti, yaani kibali cha kutumia barabara kuu kwa muda fulani: Austria kuna cha siku moja na cha siku kumi, Slovenia kuna cha wiki. Cha Slovenia ni cha kielektroniki na kinafungwa kwenye namba ya gari, kwa hiyo huwezi kukinunua ukiwa Dar, na ukikosea herufi moja ya namba ni sawa na hujalipa. Faini yake inaanzia euro 300. Kuna kingine kinachowashangaza wengi: vinyeti ya Austria haifuniki kila kipande. Mahandaki ya Tauern na Karawanken, pamoja na barabara ya Brenner, yana malipo yake ya pembeni, na njia yetu inapita yote. Italia unachukua tiketi unapoingia barabara kuu na kulipa unapotoka. Usiingie mlango wa Telepass wenye rangi ya njano, ule ni wa wenye kifaa maalumu.

Italia ndiyo inayotuletea barua nyingi baada ya safari. Miji mingi ya zamani, Verona, Florence, Pisa, Bologna, Roma, ina eneo la katikati linaloitwa ZTL ambalo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia kwa saa fulani. Hakuna askari wala kizuizi. Kuna kamera. Kamera inasoma namba, kampuni ya gari inatoa jina lako na kukukata ada ya usumbufu, kisha faini yenyewe inafika baadaye, na kwa mtu anayeishi nje ya Italia sheria inawapa hadi siku 360 kuituma. Dawa yake ni kulala nje ya ukuta wa mji au kuchagua hoteli inayosajili namba yako kwa maandishi. Kwa Venice, gari halivuki Piazzale Roma hata ukitaka, basi lala Mestre, liegeshe hapo, panda treni ya dakika kumi.

Tukija kwenye kuendesha kwenyewe. Wote tunajua kwamba kule watu wanapita kulia. Barabara kuu haina shida, maana msururu wa magari unakuongoza. Hatari iko asubuhi, unapotoka kituo cha mafuta au maegesho ya hoteli barabara ikiwa tupu: mkono wenyewe unakupeleka kushoto. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume na ulivyozoea, na wanaokuja kutoka kushoto kwako ndio wenye haki. Tegemea pia kuwasha waipa kila unapotaka kuonyesha indiketa, kwa kuwa magari yetu ya Japani vijiti vyake viko upande tofauti. Hilo linachekesha siku ya kwanza tu.

Aliyezoea IST ya otomatiki aandike wazi kwamba anataka otomatiki. Ulaya gari la kawaida la kukodi bado ni la gia za mkono, na otomatiki ni chache na ghali zaidi. Kujifunza klachi upya, upande wa pili wa barabara, kwenye mteremko wa Brenner, si mahali pa kubana matumizi. Tunasisitiza pia usichukue gari siku ileile ya kutua baada ya ndege ya usiku. Lala kwanza. Ikibidi, lipia siku moja pungufu ya gari.

Leseni yako ya Tanzania iende pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali hicho ni tafsiri ya leseni, hakisimami peke yake, na lazima kitolewe katika nchi iliyokupa leseni. Vile vinavyouzwa mtandaoni na kutumwa kwa barua pepe havina maana yoyote mbele ya polisi.

Wateja wetu wengi hukwama kaunta kwa sababu ya kadi. Kampuni inashikilia dhamana, na mara nyingi inataka kadi ya mkopo ya plastiki yenye jina la dereva mkuu. Kadi ya ATM wengine wanaikubali kwa masharti ya kununua bima yao kubwa, wengine hawaikubali kabisa, na ile kadi ya kwenye simu inayotokana na pesa za mtandao usiitegemee. Kadi ya mke au kaka aliyeko pembeni yako haisaidii. Uliza pia bima ya gari inakuachia kiasi gani cha kulipa mwenyewe likitokea jambo, kwa sababu bima ya kawaida huacha tairi, vioo na sehemu ya chini. Piga picha gari zima kabla hujatoka, rimu zikiwemo.

Mafuta, kwa kifupi: Ufaransa neno «gazole» na Italia «gasolio» yote ni dizeli. Ukisita, angalia alama: petroli iko ndani ya duara, E5 au E10, na dizeli ndani ya mraba, B7. Linganisha na kifuniko cha tangi.

Kuna safari ambazo hatukodishi gari hata mteja akisisitiza. Paris, Brussels na Amsterdam ni mojawapo: treni inakutoa katikati ya mji hadi katikati ya mji kwa saa tatu na kidogo, wakati maegesho peke yake kwenye miji hiyo yanakula bajeti ya chakula. Gari linafaa milimani, maziwani na vijijini, kusikofikiwa na treni kirahisi.

Ukituandikia, tupe idadi ya usiku ulio nao, umri wa kila dereva kwa kuwa walio chini ya miaka 25 hutozwa zaidi, aina ya kadi uliyo nayo, na urefu wa watoto. Ndiyo, urefu: Ujerumani mtoto aliye chini ya miaka 12 na asiyefika sentimita 150 lazima awe na kiti chake, na viti hivyo tunaviagiza pamoja na gari.