Soma hii kabla ya Jumanne

Tukuyu, Rungwe

Atu mpendwa,

Habari za Iringa na baridi yenu? Huku wazima, ila mvua haikatiki na viazi vinaozea shambani. Mama Tusa amerudi kwake, yale mambo yameisha. Mengine ukija.

Ninaandika kwa sababu ya shangazi. Kuna timu ya utafiti inapita vijijini, inachukua damu ya wazee wenye presha, naye wamemchagua. Kwa kuwa hajui kusoma, wakaniita niwe shahidi: yeye aweke dole gumba, mimi nisaini. Kijana akaisoma fomu kwa Kiswahili, mbio kama anayekimbizwa na mvua, akanipa kalamu. Nikamgeukia shangazi: umeelewa nini? Akanijibu kwa Kinyakyusa kwamba daktari amekuja kumtibu presha.

Sikusaini. Nilimwambia shahidi anashuhudia kwamba mtu ameelewa na amekubali kwa hiari, siyo kwamba wino umegusa karatasi. Kijana akachukia, akatoa kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Nilikiona, kina mhuri. Lakini Atu, kibali kile kinawaruhusu kuja kumwomba shangazi. Kukubali ni kwake.

Nimekuwa nikiwawaza wale wanaume weusi wa Tuskegee, Marekani, uliotusimulia habari zao kwa Baba Lusajo. Utafiti ulianza 1932. 399 kati yao walikuwa na kaswende, wakaambiwa wana "damu mbaya". Walipewa chakula na gharama za mazishi. Kufikia 1947 penisilini ilikuwa dawa inayojulikana ya kaswende, wao wakanyimwa, mpaka magazeti yalipofichua mwaka 1972. Nao walidhani wanatibiwa! Neno lilelile la shangazi.

Sisemi hawa wa kwetu ni wabaya. Utafiti nautaka, watu wa Mbeya walijitolea kwenye majaribio ya chanjo ya UKIMWI, na hilo najivunia. Ila majirani sasa wananisema, eti namnyima mama mzee nauli na sukari. Shangazi mwenyewe bado anataka kwenda. Aende, ni haki yake, mradi ajue anaenda kufanya nini. Hapo tu ndipo siondoki.

Wanarudi Jumanne. Wewe umekaa wodini na watafiti miaka yote hiyo, niambie: naweza kudai aletwe mtu wa kumweleza kwa Kinyakyusa? Nakala ya fomu si lazima abaki nayo? Ile namba ya kamati ya maadili iliyoandikwa chini, ukipiga inapokelewa? Akiingia halafu akataka kujitoa, dawa zake za kliniki zitaguswa? Damu ikibaki wanaipeleka wapi? Na wakimkuta na ugonjwa mwingine, nani atamwambia?

Fomu nimeipiga picha, nimekutumia kwenye simu. Ukurasa wa tatu usome kwa makini, ule wa kuhifadhi damu. Nipigie jioni, mchana mtandao huku unasumbua. Shikamoo kwa mama.

Ndaga fijo,
Tumpe