Mtani wangu, umeniuliza kuhusu yale mafunzo

Mbeya,
Juni

Mama Tuma mpendwa,

Salamu kutoka Mbeya, ambako baridi ya Juni imeanza kuuma hata kuku hawatoki bandani mapema. Sisi wazima, hofu ni kwako. Umeandika kwamba huko Uingereza, watu wa Birmingham wanapanda basi na mbwa wao na hakuna anayeshangaa. Mhehe mla mbwa kama wewe kuwekwa katikati ya mbwa wote hao bila sufuria! Sisi Wangoni tumecheka mpaka Songea wamesikia.

Sasa nijibu swali lako. Umeuliza kama na sisi wa hospitali za huku tunafundishwa kazini mambo ya utamaduni wa wagonjwa, kama mlivyokalishwa ninyi mbele ya kompyuta mkabofya mpaka cheti kikatoka. Tumefundishwa. Ukumbi ulikuwa maeneo ya Forest, chai na maandazi saa nne, posho mwishoni. Mwezeshaji alitoka Dar, kijana mwenye adabu na aliyejiandaa. Alianzia Marekani, mwaka 1989, pale Terry Cross na wenzake walipoandika kuhusu watoto wa jamii za wachache wenye matatizo makubwa ya afya ya akili, na namna taasisi zilivyoshindwa kuwahudumia. Hoja yao nimeipenda: anayetakiwa kujua kuishi na watu wa kila namna ni taasisi nzima, pamoja na sheria zake na fomu zake, wala si yule muuguzi mmoja mwenye moyo mzuri. Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti.

Kisha akaweka jedwali ukutani. Kabila upande huu, tabia upande ule. Wasafwa: wapole, hawasemi. Wakinga: biashara mbele. Wahehe: hasira za haraka, wanaweza kujidhuru. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka kwa sababu nilikukumbuka wewe. Ila jedwali lile watu walilipiga picha kwa simu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Slaidi nyingine hawakuzipiga.

Nikupe kisa. Kabla sijahamia hapa nilikuwa hospitali moja ya wilaya, siitaji. Wodi ya wanaume tulilaza mzee wa Kinyakyusa aliyepatwa na kiharusi, upande wote wa kulia hauna nguvu. Unazijua wodi zetu, muuguzi mmoja kwa wodi nzima, kwa hiyo kumgeuza mgonjwa, kumwogesha na kumlisha ni kazi ya ndugu. Mwanawe wa kiume alikuwa Chunya kwenye dhahabu, simu haipatikani. Aliyekuja ni mkamwana, na chupa ya uji. Alisimama nje ya mlango, mgongo kautupa wodini, kanga kaivuta mpaka usoni, akamwomba mgonjwa wa kitanda cha karibu aipeleke ile chupa. Muuguzi wa zamu, kijana wa Kanda ya Ziwa, mchapakazi kweli, akamwita: njoo umgeuze baba, chukua beseni. Yule mwanamke akaondoka kama anayefukuzwa. Kesho yake vivyo hivyo. Kwenye faili yakaandikwa yale maneno tuliyoyasoma mara nyingi, mimi na wewe: ndugu hawatoi ushirikiano. Haikupita muda mgongo wa mzee ukaanza vidonda.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja mfanya usafi, Mnyakyusa. Alisema bila hata kuacha kupiga deki, "Yule hawezi kumtazama baba mkwe wake. Hata jina lake halitaji." Basi. Ndivyo ilivyokuwa Rungwe tangu zamani: mkamwana akimwona baba mkwe anakuja, anaacha njia na kujificha. Akifanya hivyo anamheshimu. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika mengi juu ya jambo hili, na wakalihusisha na vijiji vya marika. Vijana walikuwa wanahama kwa baba zao na kujenga kijiji chao pamoja na wenzao wa rika moja, kwa hiyo wake zao hawakuishi uwanja mmoja na wakwe zao wa kiume. Fikiria sasa hospitali ilivyofanya. Jambo ambalo watu walipanga vijiji vizima ili lisitokee, sisi tumeliamuru litokee saa mbili asubuhi, tena mzee akiwa uchi kitandani.

Tulimuuliza mzee mwenyewe. Ulimi ulikuwa mzito lakini akili ipo. Akamtaja jirani yake waliyekua pamoja. Yule mzee mwenzake akaja na daladala, akamwogesha huku akimsema kwamba amekuwa mzito kama gunia la viazi, na mgonjwa wetu akacheka upande mmoja wa mdomo. Mkamwana aliendelea kuleta uji na kufua mashuka. Na hilo neno la ushirikiano lilinikera sana baadaye, maana uji ule wa kila siku nani alikuwa anaupika?

Utasema: basi jedwali lina faida, wangeliandika hilo la mkwe. Ngoja. Baadaye alilazwa mzee mwingine, Mnyakyusa vilevile, na mkamwana wake mwalimu wa sekondari. Sisi tukiwa tumeshajua, tukamzuia mlangoni: wewe usiingie, tutafute mwanamume. Alitutazama kama vichaa. Alimwogesha baba yake mkwe mwenyewe, akamkata kucha, akamsomea Biblia. Wamisionari wa Moraviani na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, shule zikafuata, na siku hizi watu wanaishi nyumba za kupanga za vyumba viwili. Kuna familia zinazoishika mila hii kwa nguvu zote, na nyingine imebaki hadithi ya bibi. Jedwali haliwezi kukuambia ni ipi iliyoko mbele yako.

Kumbe Wamarekani nao walishayaona haya. Mwaka 1998 madaktari wawili wanawake, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kwamba utamaduni wa watu hauwezi kusomwa ukamalizika kama jedwali la kuzidisha, na kwamba mhudumu anahitaji zaidi unyenyekevu na kujichunguza kwa maisha yake yote. Walitoa kisa cha muuguzi Mmarekani mweusi aliyekuwa anamhudumia mama wa asili ya Amerika ya Kilatini, saa chache baada ya upasuaji. Mama anagumia. Daktari mmoja, naye wa asili hiyohiyo, akapita na kusema huyu mama anaonekana ana maumivu makali. Muuguzi akampuuza: yeye alisoma kozi ya tamaduni chuoni, anajua kwamba watu hao hukuza maumivu. Unaona? Angekuwa hakusoma ile kozi, pengine angemtazama mgonjwa.

Nilichokiona cha maana katika mafunzo yale kilikuja mwishomwisho, watu wakitazama saa na kuulizana karatasi ya posho iko wapi. Ni maswali ya Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili, aliyoyatoa na wenzake mwaka 1978. Unadhani tatizo lako limeletwa na nini? Kwa nini lilianza wakati ule? Unaogopa nini zaidi kuhusu ugonjwa huu? Ungependa upate tiba ya namna gani? Yapo na mengine, lakini hayo yanatosha zamu ya usiku. Hayahitaji projekta. Mwenzetu mmoja kutoka Njombe, mkoa ulioongoza nchini kwa VVU kwenye utafiti wa 2022/23, asilimia 12.7 ya watu wazima, alisimama akasema la kwake. Mwaka 2011, nchi nzima ilipokwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu aliyegawa dawa ya mitishamba, kwa shilingi 500, baadhi ya wateja wa kliniki yake waliacha dawa wakapanda magari. Waliporudi walikaripiwa mbele za watu. Hakuna aliyewauliza walikuwa wanaogopa nini katika zile dawa. Wengine hawakuonekana tena kliniki. Ukumbi ulitulia alipokaa.

Sasa utani, maana najua ndilo unalosubiri. Mwezeshaji alisema kazini pasiwe na mzaha wowote wa kabila. Watu wakaguna. Mimi nikanyoosha mkono nikamwambia, ndugu yangu, hapa nina Mhehe wangu wa Iringa, babu zetu walipigana kweli, damu ilimwagika, na hao hao wajukuu leo wakifiwa Mngoni anakuja msibani kuwafanyia vituko mpaka wafiwa wanacheka. Unataka tuweke nini badala yake? Hakuwa na jibu, na sikumtegemea awe nalo, hayo si mambo ya kwenye slaidi.

Lakini nikarudi nyumbani nikiwaza lile jedwali na neno "kujidhuru". Utani una masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba mtani wangu anaweza kunirudishia. Nikikuita mla mbwa, unaniuliza Wangoni tuliiba ng'ombe wangapi njiani tukitokea kusini, tunamalizana. Mgonjwa aliye kwenye dripu hawezi kurudisha. Niliwahi kuona kijana ameletwa usiku kutoka shambani, amekunywa dawa ya kuulia wadudu, na wa kwanza kusoma faili akasema, "Ah, Mhehe huyo," na watu wawili wakacheka. Mzaha ule una historia ndefu, kuanzia Mkwawa, chifu wenu Wahehe, aliyejipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate. Kwenye pombe ya harusi unachekesha. Pale kitandani ulifanya kazi nyingine kabisa: uliwapa watu sababu ya kutomuuliza yule kijana kilichompata. Tumbo lilisafishwa, akapona, akaruhusiwa. Alikuwa na mzigo gani moyoni hatukujua, kwa kuwa kabila lake lilikwisha kujibu kwa niaba yake. Mimi ningekuwa mwezeshaji ningewaambia watu wataniane wanavyotaka kwenye chumba cha chai, ila mlango wa wodi uwe mpaka. Na aliyekwenda kumtania mgonjwa akaulizwe kwanza ni mtani wake kweli, maana siku hizi kila mwenye mdomo anajiita mtani.

Ya leba nayagusia tu, wewe mkunga unayajua. Mama akiomba kuzaa amechuchumaa, wapo bado wanaomwamuru alale chali, ingawa Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasema mkao auchague mwenyewe na awe na mtu wake wa kumshika mkono. Familia ikiomba kondo la nyuma ikalizike nyumbani, inategemea umemkuta nani zamu.

Ninalotaka unisaidie ni lugha. Kiswahili tunacho sote, ndiyo, na tunakisifu sana, lakini kimetufanya wavivu. Bibi Msafwa anakuja kutoka mlimani, unamweleza dawa, unamuuliza ameelewa, anasema ndiyo mwanangu. Atasema ndiyo hata ukimwambia ameze beseni, kwa sababu anakuheshimu. Mimi siku hizi namwomba anieleze atakavyomeza akifika nyumbani, na hapo ndipo naona tumepotezana wapi. Shida ni kwamba anayetafsiri akikosekana tunamtumia aliyepo. Nimeona mvulana wa shule ya msingi anaitwa kumtafsiria bibi yake habari za kutokwa damu ukeni. Mtoto anatazama sakafu, bibi anatazama ukuta, na jibu wanalolitoa wote wawili ni kwamba hakuna shida. Bibi wa watu anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Kwingine wanaitwa wafanya usafi kama yule mama wa deki. Wanatafsiri, wanasuluhisha, wanatueleza mila, na hawalipwi hata nauli kwa kazi hiyo wala hawakuitwa kwenye mafunzo. Nilimwuliza mwezeshaji kwa nini. Akasema bajeti ilikuwa ya watumishi wa kada za afya.

Mwezi ujao tuna kikao na mganga mfawidhi, na mimi na matroni tunataka kupeleka ombi: orodha ya watumishi wetu wanaojua Kisafwa, Kinyakyusa, Kinyiha na Kibena, wa kada yoyote, ibandikwe kila wodi, na wanaoitwa walipwe kitu kidogo. Uliandika kwamba huko kuna mkalimani wa simu, mgonjwa Msomali akija unapiga namba. Nieleze vizuri. Mkalimani analipwa kwa dakika au kwa mwezi? Anaapishwa kutunza siri? Usiku je, anapatikana? Na ndugu asipotaka mgeni asikie habari za mama yake, mnafanyaje? Ukiweza piga picha ya fomu yenu tupu unitumie, bila jina la mtu, maana hapa ukienda na karatasi yenye nembo unasikilizwa haraka zaidi kuliko ukienda na akili.

Mama yako nilimpitia Kalenga nikitoka Songea. Miguu bado inavimba jioni, nimemwambia apime presha, ameahidi. Nilimwuliza anaogopa nini, akasema anaogopa kuambiwa aache chumvi. Mpigie simu Jumapili baada ya ibada, na usimwambie kwamba nimekwambia.

Wako,
Mama Ipy