Jamani mchango wa mzee wetu wa besi, kansa imerudi tena

Ndugu zangu wanakwaya na nyie wote mnaotufahamu, naombeni dakika mbili tatu tu. Mzee wetu wa besi, yule ambaye asipokuwepo tunaimba kama redio iliyoishiwa betri, kansa yake ya damu imerudi. Hii ni mara ya pili kurudi.

Najua kuna watu wanaulizana pembeni, si tulichanga akapona? Hakupona jamani, alipata nafuu, na hapo ndo tulijichanganya wote, hata mimi. Ugonjwa wake ni mailoma, unakaa kwenye uboho ndani ya mifupa, kwenye zile seli zinazotengeneza kinga za mwili. Ukiupiga dawa unanyamaza, saa nyingine miaka, halafu vile viseli vichache vilivyojificha vinazaana upya na vingine vinakuwa vimeshaizoea ile dawa. Alianza na lenalidomaidi pamoja na sindano za bortezomibu, hizo ndo zilimwachia ganzi miguuni, si mnakumbuka alivyokuwa anaimba amekaa? Ikarudi, akahamishiwa daratumumabu, tukatulia. Sasa na hiyo imegoma.

Kuna dawa nyingine, teklistamabu, Marekani waliipitisha Oktoba 2022 kwa ajili ya watu ambao zile za mwanzo zote zimeshagoma. Nilivyomwelewa daktari, ni kama ina mikono miwili, mmoja unashika seli ya kansa na mwingine unamshika askari wa mwili, ile seli ya T, inawakutanisha uso kwa uso alafu askari anafanya kazi yake. Kwenye utafiti wa wagonjwa 165 walioshapitia matibabu ya aina tatu au zaidi, ilifanya kazi kwa kama 63 katika kila 100, na karibu 40 katika hao 100 ugonjwa ukawa hauonekani kwenye vipimo vya kawaida. Sio wote, naomba hilo lisomwe mara mbili, maana sitaki mtu aje kuniambia nilimwahidi muujiza.

Kinachokula hela sio dawa peke yake. Dozi za mwanzo wanapanda nazo kidogo kidogo, na kila moja anatakiwa alale hospitali kama siku mbili anaangaliwa, kwa sababu wale askari wakishaamka mwili unaweza kuchemka homa kali na presha ikashuka. Na kinga inashuka sana, kwa hiyo kuna dawa za kuzuia maambukizi na vipimo vya damu kila mara, na hivyo ndo watu husahau kuvipigia hesabu, mwisho wa siku matibabu yanakatikia njiani.

Karatasi ya makadirio yenye muhuri wa hospitali anayo mweka hazina, ukitaka kuiona muombe, hakuna siri. Unaweza kutoa kidogo kidogo kila wiki, unaweza kuahidi ukamalizia baadae, ila ukiahidi andikisha jina ili tujue tunasimama wapi kabla hajalazwa. Asiye na hela aje tupange zamu za kulala naye wodini, hiyo nayo ni mchango mkubwa.

Mwenyewe kanikataza nisiandike eti yuko mahututi. Haya siandiki, na kweli jana alinipigia simu kugomba kwamba besi tunaingia mapema kwenye ule wimbo mpya.