Mbu wa Bagamoyo: ridhaa ni ya nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wakazi wa Bagamoyo tunalizungumza barazani kwa minong'ono, ilhali lilistahili kuzungumzwa mkutanoni kwa sauti. Mwezi Desemba mwaka 2025 jarida la kisayansi la Nature lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa mjini kwetu. Wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wa Imperial College ya London, walitengeneza mbu wa jamii ya Anopheles gambiae aliyebadilishwa vinasaba, yaani chembe za urithi, wakamlisha damu yenye vimelea vya malaria vilivyotoka kwa watoto wagonjwa wa nchini mwetu, wakaona kwamba vimelea hivyo havikui ipasavyo ndani ya mwili wake. Hazikupita siku nyingi nikasikia sokoni, penye mnada wa samaki, kwamba mbu hao wameshaachiwa na kwamba ndio wanaotunyima usingizi msimu huu.

Hawajaachiwa. Wamo ndani ya maabara iliyofungwa, iliyojengwa mahsusi ili asitoke hata mmoja, na wanaotung'ata ni wale wale waliowang'ata babu zetu. Lakini simlaumu aliyesema vile sokoni, maana habari yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mabingwa, na pengo lililoachwa hapo katikati limejazwa na ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu bila mwenyewe kujulikana. Kwa kuwa nilifundisha baiolojia sekondari hadi nikastaafu, nitajaribu kueleza kwa ufupi kile nilichokielewa.

Kimelea cha malaria kikiingia kwa mbu huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Mbu aliyetengenezwa hapa hutoa tumboni mwake kemikali mbili za asili, moja inayopatikana katika sumu ya nyuki na nyingine katika ngozi ya chura wa Afrika, ambazo humchelewesha kimelea, ili mbu afe kimelea kingali kichanga. Hilo ni nusu ya kwanza ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayogusa siasa, inahusu urithi. Kwa kawaida mzazi humrithisha mtoto nusu tu ya vinasaba vyake, hivyo sifa mpya ina nafasi ya nusu kwa nusu kumfikia kila mtoto, na porini hupotea upesi. Mbinu hii mpya humpa mbu mkasi mdogo wa kukata kinasaba cha upande wa pili, na mwili wake, ukijiponya, hunakili sifa ile mahali palipokatwa, hata karibu watoto wote wakaipata, na wajukuu, na vitukuu. Mbu wa Bagamoyo hana mkasi huo mwilini mwake, na sifa yake haiwezi kujisambaza hadi akutanishwe na mbu mwingine aliye nao. Watafiti walifanya hivyo kwa makusudi, na nawapongeza.

Niongeze jambo moja ambalo sijasikia likisemwa waziwazi kwa wananchi. Mbu huyu ataendelea kung'ata. Hakuundwa ili atoweke, ameundwa ili asibebe ugonjwa, na wala hana habari na matende wala mabusha, yanayoenezwa huku pwani zaidi na yule mbu wa mashimo ya vyoo. Siku atakapoachiwa, kama ataachiwa, mtu atalala bila chandarua, atang'atwa, na asubuhi atasema mradi ni uongo. Afadhali aelezwe mapema.

Msomaji asidhani kwamba napinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokea katika nchi nne, yetu ikiwa mojawapo. Mbu wamezoea dawa tunazotia kwenye vyandarua. Huko Kagera wamepatikana vimelea walioanza kustahimili artemisinini, ambayo ndiyo tegemeo la dawa mseto tunayopewa zahanati. Anayesema tusubiri tu, na awe tayari kumweleza mama aliyeko wodini anasubiri nini.

Na mji huu si mgeni wa majaribio. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, viwili kati yake vikiwa Bagamoyo na Korogwe mkoani Tanga. Na chanjo ya pili, R21, nayo ilipita hapa Bagamoyo katika jaribio la watoto 4,800 wa nchi nne. Zote mbili zimekubaliwa na Shirika la Afya Duniani, moja mwaka 2021 na nyingine mwaka 2023. Mimi nawajua vijana wa mtaani kwetu waliochanjwa wakiwa wachanga ambao leo ni wanafunzi wa sekondari. Katika majaribio yale kila mzazi aliketi na mtafiti, akasomewa karatasi ya Kiswahili, akauliza, akatia saini, na asiyejua kuandika alitia dole gumba mbele ya shahidi. Aliyekataa alirudi nyumbani na mwanawe, na hakuna aliyemfuata.

Hapo ndipo mbu anapotofautiana na sindano. Sindano humgusa mtoto mmoja ambaye mzazi wake amekubali. Mbu mwenye mkasi wa vinasaba humfikia aliyekubali na aliyekataa, na aliyezaliwa baada ya mkutano kwisha. Hawezi kuitwa arudi maabara kwa kuwa watu wa kijiji cha Kaole wamebadili mawazo. Kwa hiyo swali ambalo ningependa wizara zinazohusika, watafiti na waheshimiwa wabunge walijibu sasa, wakati mbu angali ndani, ni hili: ridhaa ya kitu kama hiki inatolewa na nani, na inaondolewa vipi?

Nimeuliza swali hili barazani na majibu hayakufanana. Mmoja alisema ni kazi ya diwani. Mwingine akasema ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautambua, na akaongeza kwa haki kwamba mkutano huo hujaa pale tu panapogawiwa kitu. Lakini aliyenifunga mdomo ni mzee mmoja mvuvi, aliyeniuliza: "Mwalimu, huyo mbu akinipandia jahazini hadi Unguja, kule atakuwa amepewa ruhusa na nani?" Nilikosa jibu, na hadi leo sijalipata. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, imepambana na malaria kwa miaka mingi hadi ikabaki kidogo sana, na sehemu kubwa ya wagonjwa wake huwa ni watu waliorudi safari ya bara. Pengine Wazanzibari watakuwa wa kwanza kumkaribisha mbu asiyebeba ugonjwa, lakini kumkaribisha mgeni ni tofauti na kumkuta sebuleni. Kibali kitakachotolewa Dodoma peke yake kitakuwa na upungufu tangu siku ya kwanza, na vivyo hivyo kwa jirani zetu wa Kenya, kwa kuwa pale mpakani Horohoro mbu hagongewi muhuri.

Wapo watakaosema kwamba nakimbilia mbali, kwani kuachiwa kwenyewe kunaweza kuchukua miaka. Nawaomba watazame Burkina Faso. Huko, mwezi Julai mwaka 2019, watafiti waliachia katika kijiji cha Bana maelfu ya mbu madume waliobadilishwa wasiweze kuzaa, bila mkasi wowote wa kujisambaza, baada ya miaka mingi ya kuzungumza na wanakijiji. Mwezi Agosti mwaka 2025, siku chache baada ya kundi jingine kuachiwa, serikali ya nchi hiyo iliusimamisha mradi mzima na kuamuru mbu waliosalia waangamizwe. Kijiji kilikuwa kimeelewa, nchi haikuwa imeelewa. Na sisi tuna la kwetu: mwaka 2018 majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba pale Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa kwa amri ya serikali, na mjadala wa wazi ambao ungewasaidia wakulima kuamua haukuwahi kufika shambani. Katika mikasa yote miwili uamuzi ulishuka kutoka juu kwa haraka, kwa sababu huko chini hapakuwa na uamuzi uliokwisha kufikiwa ambao ungeweza kutetewa.

Kanuni zetu za usalama wa bayoteknolojia ziliandikwa mwaka 2009, na walioziandika walikuwa na mimea akilini. Mahindi yana mwenye shamba, mbu hana. Ningependa kanuni hizo zifunguliwe upya, ziseme wazi ni mikutano ya ngazi gani itakayohesabiwa, kata ngapi zikikataa shughuli inasimama, na Zanzibar inaulizwa kwa utaratibu gani. Kifungu cha kukataa kisicho na matokeo yoyote ni heri kisiandikwe, maana watu wa pwani tumewahi kuitwa kwenye mikutano ambayo mahudhurio yetu yalihesabiwa kuwa ndiyo ridhaa yetu.

Lugha nayo isiachwe nyuma. Darasani nilihangaika miaka na miaka kueleza jeni, yaani vinasaba, kwa wanafunzi wanaofundishwa kwa Kiingereza na kuota kwa Kiswahili, na najua kwamba jambo lisilo na jina haliulizwi maswali. Baraza la Kiswahili la Taifa liketi na watafiti, litoe majina ya vitu hivi kabla mitandao haijavipa majina yake yenyewe, ambayo baadhi nimeyasikia na siwezi kuyaandika gazetini.

Kwa upande wetu, naiomba ofisi ya wilaya iitishe mkutano wa hadhara pale uwanjani, watafiti waje na mbu wao ndani ya chupa ili watu wawaone kwa macho, na wakubali kuulizwa lolote, hata la kijinga. Mkutano huo usiwekwe asubuhi, kwa sababu wavuvi watakuwa baharini na kina mama sokoni. Baada ya swala ya Alasiri tutakuwepo, na yule mzee wa jahazi ameniahidi kwamba ataketi mstari wa mbele.

Mwalimu mstaafu,
Dunda, Bagamoyo