Mtaro wetu haupo kwenye ramani yao

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya halmashauri kuandaa mpango wa kukabiliana na mafuriko kabla ya mvua za vuli niliisoma, nikamsomea na mume wangu. Ofisa mliyemnukuu aliwataka wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari, waache kutupa taka kwenye mitaro na wahame kwa hiari yao. Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Gazeti hili nalisoma tangu usichana wangu na sijawahi kuliandikia, maana nilidhani kuna watu wenye kazi hiyo. Sasa naona tukiendelea kunyamaza itaaminika kwamba maji tumeyaziba sisi.

Naishi Buguruni, nashona nguo nyumbani. Watu wa Dar es Salaam wakisikia mafuriko wanawaza Jangwani, bondeni kwa Mto Msimbazi, na wana haki. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo wataalamu wa hali ya hewa walisema haijaonekana tangu 1954, ikaua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Tangu hapo Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani masika baada ya masika, na karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa palepale bondeni, imezama mbele ya macho yetu sote. Kwa hiyo ule Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, naukubali na nauombea ukamilike. Mto uchimbwe, daraja liinuliwe, karakana ihamishwe. Sina ugomvi nao hata kidogo.

Lakini maji yanayoingia kwangu hayatoki Msimbazi. Yanatoka juu, barabarani, kwenye mabati na pevingi za nyumba zilizo mlimani kwetu. Yanateremka kuutafuta mto na kukuta njia imezibwa. Mto unaweza kuwa bado uko ndani ya kingo zake kule chini na sisi huku maji yako magotini. Wazee wa hapa wanakumbuka migomba na matuta ya mchicha, mvua ikinyesha ardhi inakunywa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu karibu milioni 4.4 katika mkoa wetu, ya 2022 ikahesabu karibu milioni 5.4. Hao milioni moja walioongezeka wanaishi chini ya paa, na kila paa jipya linamwaga maji yake kwenye mitaro ileile ya zamani. Mafuriko ya namna hii hayana kingo za kupima wala daraja la kuinua. Yanatengenezwa kiangazi, kibali kimoja baada ya kingine, na kila mpango ninaousikia unaanza kuhesabu siku mvua inaponyesha.

Mtaa wetu una mtaro unaoanzia kwenye kalvati la barabara ya lami, unapita nyuma ya nyumba zetu mpaka mtoni. Ukikauka watoto wanaufanya njia ya kwenda shule. Miaka michache iliyopita mtu mmoja alinunua maeneo mawili ya pembeni yake, akaleta malori ya kifusi, akajaza, akajenga godauni, na ukuta wake akaupandisha juu ya mtaro wenyewe. Akaacha mabomba mawili ya plastiki, kila moja mdomo wake hauzidi ndoo kubwa ya maji, ndipo maji ya nusu mtaa yapite. Tuliliona jambo hilo tangu msingi unachimbwa. Tukaenda kwa mjumbe, mjumbe akatufikisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwenyekiti akaandika barua, tukaipeleka kwenye ofisi inayohusika na mambo ya ujenzi, ambayo sitaitaja. Tukajibiwa kwamba mwenye eneo ana leseni ya makazi na kibali anacho. Tukauliza, na mtaro je? Kijana aliyekuwa mezani akafungua kompyuta, akatazama, akasema, "Mama, huo mtaro haupo kwenye ramani yetu." Nikamwambia, baba, twende nikakuoneshe, ni daladala moja tu. Akasema gari la ofisi halina mafuta, na kwamba isitoshe mitaro inashughulikiwa na ofisi nyingine. Hiyo ofisi nyingine nayo ikasema ya kwao ni ile iliyo kando ya barabara, ukishaingia nyuma ya nyumba za watu si wao tena. Barua yetu ikapigwa muhuri kotekote. Ninayo mpaka leo.

Haupo kwenye ramani! Mhariri, mwaka 2015 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walipita kwenye mitaa ya jiji hili na simu mikononi, kazi yao ikiitwa Ramani Huria, wakiandika kila mtaro, kila kalvati na kila mahali maji yanaposimama. Sisi wenyeji ndio tuliowaonesha maji yanapita wapi na yalifika usawa gani ukutani. Ramani zile hazikufungiwa kabatini, ziko wazi kwa mwenye intaneti. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 imezipa halmashauri zetu mamlaka ya kupanga miji, nao Msimbazi unaotoka milima ya Pugu kule Kisarawe unapita mipaka yao bila kuuliza ni kipande cha nani. Mwenye mamlaka ya kupanga akisema mtaro haupo, wakati wanafunzi wameuona na watoto wa darasa la pili wanaupita kila asubuhi, basi kibali alichotoa amekitoa bila kutazama chini.

Masika ya 2024, siku chache kabla ya Idi, mvua ilianza usiku na haikukatika. Yale mabomba mawili yakaziba kwa matawi na viroba, na ukuta wa godauni ukageuka kuwa lambo la mtaa mzima. Maji yakaingia kwangu kwa mlango wa nyuma, yakapanda mpaka kwenye soketi. Ndani nilikuwa na nguo za Idi za wateja: kanzu, madera, magauni ya watoto ya lasi nyeupe, nyingine zimebakiza vifungo tu. Zile zilizokuwa mezani tuliziwahi. Zilizotundikwa ukutani zilikunywa maji kuanzia pindo hadi kiunoni, na hayakuwa maji ya mvua peke yake, yalikuwa na oili ya gereji na vyoo vya watu. Nilizifua, nikaziloweka, nikazifua tena. Mstari wa kahawia haukutoka kwenye lasi, ulibaki umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Mama mmoja alikuja na bintiye kuchukua gauni, na mtoto alipoliona hakulia, alilishika pale kwenye doa akanitazama. Niliwalipa wateja wangu vitambaa vyao kwa kukopa kwenye kikoba, na mkopo ule nimeulipa kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, kwa sababu ile ya umeme ililowa mota na fundi akasema haitengenezeki. Jirani yangu anayeuza barafu na juisi friza lake tulilikuta limelala chali uani. Mwenye godauni mzigo wake ulikuwa juu ya pale kifusi kilipojazwa, haukuguswa na tone. Sasa niambiwe ni nani kati yetu aliyeziba maji, na ni nani anayetakiwa kuhama kwa hiari yake.

Mwezi huohuo wa Aprili Waziri Mkuu wa wakati ule aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 nchi nzima na kuathiri zaidi ya 200,000. Mimi sikufiwa, namshukuru Mungu. Lakini mtaani kwetu hakuna aliyekuja kutuhesabu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia juu mpaka huku chini kwenye kata. Kamati ya kwetu ikutane kabla ya maafa, ndiyo maana ya kuitwa ya usimamizi.

Na hili la taka nalo tulizungumze, kwa kuwa ofisa amelianzisha yeye. Ada ya taka tunalipa kila mwezi, mkusanyaji anafika mlangoni bila kukosa. Gari la taka ndilo linalokosa. Viroba vinakaa nje wiki nzima, mbwa wanavichana, mvua ikija inavisomba, halafu picha ya mtaro uliojaa plastiki inatoka gazetini na chini yake maneno kwamba wananchi hawana ustaarabu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tunatoka na makoleo tunazibua. Tope lote linawekwa ukingoni, tunaahidiwa lori la kulizoa, lori haliji, na mvua ya kwanza inalirudisha lote mtaroni. Vijana wetu wanakwenda kuvunjika migongo wakijua hivyo. Wapo pia majirani wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe vyoo. Hao wanakosea, nasema wazi na usoni nimewaambia, sisi wenye watoto tunakijua kipindupindu cha 2015. Lakini gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro vyetu, na bomba lake haliwafikii walioko ndani. Wapewe njia nyingine kwanza, ndipo wafikishwe kwa mtendaji wa kata.

Kuhusu kuhama, alama ya X nyekundu tunaijua. Mwishoni mwa 2015 tuliona nyumba za bonde la Msimbazi zikipakwa rangi na kubomolewa, wenyewe wakilala nje na vitanda vyao mvua ikiwanyeshea. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hizo mita 60 wenye vibanda walipimiwa. Nauliza, mtaro wa mtaani una mita ngapi? Kama mto una mipaka yake, mtaro unaoulisha mto huo nao upewe wake, hata mita mbili kila upande, zipimwe, ziwekwe nguzo, na aliyezijengea aambiwe arudi nyuma hata kama ni mwenye godauni.

Ninachoomba ni hiki. Kila kalvati la mtaani liandikwe, kwa rangi ileile nyekundu ya X, ni ofisi gani inayohusika nalo, cheo cha ofisa wake na namba ya simu ya ofisi, ili kusiwe tena na kupeana mpira na mama mwenye barua mkononi. Kibali cha kujenga kandokando ya mtaro kisitolewe mpaka ofisa awe amefika pale siku ya mvua, asimame, aone maji yanavyopita, na mwenyekiti wa mtaa asaini kwamba alimuona. Kila Septemba, kwenye mkutano wa mtaa, tusomewe kalvati gani limezibuliwa, lori la tope lilikuja tarehe ngapi, na lisipokuja fedha yake imekwenda wapi. Mpango usiokuwa na mafuta ya lori la tope usipitishwe na madiwani wetu, hata uwe umechapwa vizuri namna gani.

Na kwa mtaa wetu, yale mabomba mawili ya plastiki yang'olewe, liwekwe kalvati la zege la mita moja na nusu kwenda juu na mita moja na nusu upana. Kipimo hicho si changu. Yupo fundi mwashi hapa jirani aliyefanya kazi kwenye mtaro wa Mto Ng'ombe kule Tandale, alikuja na futi, akapima alama za maji kwenye kuta zetu, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari. Godauni halina haja ya kubomolewa, ukuta tu ndio urudi nyuma hatua tano. Kazi hiyo ifanyike kabla ya Novemba. Barua yenye mihuri ninayo, karatasi ya fundi ninayo, na namba yangu ya simu nimewaachia ninyi, Mhariri. Ofisa atakayeamua kuja, gari la ofisi likikosa mafuta, apande daladala ashuke Buguruni Sheli, anipigie, nitamfuata mwenyewe kituoni.

Mama fundi,
Buguruni, Dar es Salaam