Lango la Beihai liliwahi kufungwa tena

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Beijing ilinifurahisha. Nilisoma katika mji ule miaka minne, na ni mara chache kuona gazeti letu likiuacha Ukuta Mkuu kidogo na kuizungumzia Beihai, bustani ya zamani ya wafalme. Lakini mwandishi wenu amesema kwamba tangu 1925 bustani hiyo imekuwa wazi kwa wananchi moja kwa moja. Hapo amepitiwa, na jambo lenyewe si dogo.

Ni kweli ilifunguliwa Agosti 1, 1925, miezi michache baada ya Puyi, mfalme wa mwisho, kutimuliwa kutoka kasri lake la jirani. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, bustani ile na ziwa lake vilikuwa vya wafalme na watu wao. Mnara Mweupe uliojengwa 1651 juu ya kisiwa cha ziwa hilo, kwa heshima ya ziara ya Dalai Lama wa Tano, kiongozi wa dini wa Tibet, ulionekana mjini kote. Mchuuzi aliyeuona kila siku ya maisha yake hakuwa na ruhusa ya kuusogelea. Mwaka huohuo wa 1925 waliokuwa wapishi wa kasri walifungua mkahawa humo bustanini, na vyakula vya mfalme vikaanza kuuzwa kwa yeyote mwenye pesa. Kimojawapo ni kitafunwa cha njegere kavu za njano, zilizopikwa na sukari zikapondwa hadi zikalainika kama siagi. Huliwa kikiwa baridi, na ukikiweka mdomoni hakihitaji meno.

Sasa ndipo penye kosa. Mwaka 1971, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ule msukosuko wa kisiasa wa enzi za Mao, bustani ilifungwa, na haikufunguliwa hadi Machi 1978. Hiyo ni miaka saba.

Habari hizo sikuzipata darasani. Asubuhi, humo bustanini, kulikuwa na mzee mstaafu aliyekuja na ndoo ndogo na brashi ndefu kama fagio, yenye sponji nchani, akiandika mashairi kwa maji juu ya mawe ya njia. Siku za jua kali, herufi za kwanza zilikuwa zimekauka kabla hajaufikia mwisho wa mstari. Aliniambia kwamba miaka ile alikuwa kijana wa kiwandani, akipita kila siku kwa baiskeli darajani, kando kabisa ya bustani. Maji anayaona, mnara anauona, lango limefungwa. Lilipofunguliwa alimpeleka mama yake, na umati ulikuwa mkubwa hivi kwamba walimaliza saa nzima kabla ya kufika kwenye daraja la kisiwani. Mama hakutaka kuondoka hadi jioni.

Jambo jingine lililoachwa: Beihai maana yake ni bahari ya kaskazini. Maziwa ya kati na kusini, Zhongnanhai, nayo yalikuwa ya wafalme, yamepakana nayo, na barabara tu ndiyo inayoyatenga. Leo huko ni makao ya viongozi wa nchi, na raia wa kawaida hapiti getini. Wasomaji wakielezwa hilo wataelewa kwa nini yule mzee aliikumbuka Machi 1978 kama watu wanavyokumbuka mwaka wa harusi.

Naomba mchapishe masahihisho, na miaka hiyo miwili, 1971 na 1978, itajwe.

Msomaji wenu,
Morogoro